Kutabiri uhai wa wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi: nifanyeje na wagonjwa waliopotea?

Mwanafunzi_Mbarara

Salamu kwenu nyote. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika afya ya jamii hapa Mbarara, Uganda, na ninaomba ushauri wa wale ambao wamewahi kufanya utafiti wa aina hii. Nimepitia mafaili ya wanawake waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika hospitali moja ya rufaa, karibu mia tatu kwa jumla, kwa nia ya kutengeneza modeli itakayotabiri ni mgonjwa yupi aliye katika hatari kubwa ya kufariki ndani ya miaka mitano tangu ugonjwa wake ulipogunduliwa. Vigezo nilivyochukua ni umri, hatua ya ugonjwa, hali ya VVU, himoglobini, kreatinini (kipimo cha utendaji wa figo), umbali wa nyumbani kutoka hospitali, na kama mgonjwa alimaliza tiba ya mionzi au hakumaliza.

Kinachonisumbua ni ukimya wa mafaili. Kwa zaidi ya theluthi ya wanawake hao, karatasi ya mwisho ni ya siku ya kliniki, imeandikwa kwamba arudi baada ya mwezi mmoja, kisha hakuna kitu kingine. Vifo vilivyothibitishwa havifiki sitini. Tulivyofundishwa darasani, mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa hai hadi siku aliyoonekana mara ya mwisho, halafu hutolewa katika hesabu. Nimefanya hivyo, na mkunjo wa Kaplan-Meier (mchoro wa sehemu ya wagonjwa walio hai kadiri muda unavyopita) unaniambia kwamba zaidi ya asilimia 70 wako hai baada ya miaka mitano, ingawa wengi wao walifika hospitali ugonjwa ukiwa tayari katika hatua ya tatu. Msimamizi wangu ameridhika na matokeo hayo. Mimi yananitia shaka, ila sijui niseme nini mbele yake.

Kuna na jambo la pili. Rafiki yangu aliyesomea kompyuta ananishauri niachane na modeli ya Cox (inayokadiria mchango wa kila kigezo katika hatari ya kifo) nitumie ujifunzaji wa mashine. Aliijaribu kwenye data yangu akapata kipimo cha C (usahihi wa kuwapanga wagonjwa kwa hatari yao) cha 0.88, wakati Cox inanipa 0.71. Je, nimfuate? Na je, si afadhali nichukue fomula ambayo tayari imetengenezwa nje, niitumie kwa wagonjwa wetu, ili daktari apate kadi ndogo ya kumsomea mgonjwa uwezekano wake wa kuishi?

Takwimu_Wandegeya

Ndugu Mwanafunzi, shaka yako ni ya haki. Ningekushauri usiguse modeli yoyote, iwe ya Cox au ya mashine, kabla ya kulimaliza suala la hao waliopotea, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama kazi yako ina maana au haina.

Njia ya Kaplan na Meier ilichapishwa mwaka 1958 (mwaka uleule ambao Denis Burkitt, akiwa daktari wa upasuaji Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake), nayo inasimama juu ya sharti moja, kwamba mtu anayetoka katika ufuatiliaji leo ana uwezekano wa kufa kesho ulio sawa na wa yule anayeendelea kuja kliniki. Sharti hilo linatimia pale mtu anapotoka kwa sababu utafiti umefika tarehe yake ya mwisho. Halitimii hata kidogo pale anapoacha kuja kwa sababu amezidiwa na hawezi tena kupanda taksi. Modeli ya Cox ya mwaka 1972 imerithi sharti hilohilo, na mbinu nyingi za mashine zinazotumika kwa data za uhai zimelirithi pia, kwa hiyo rafiki yako hakulikwepa tatizo. Amelivisha nguo mpya tu.

Jipime kwanza kwa data za nyumbani. Kampala ina rejista ya saratani iliyoanza mwaka 1951, inayohudumia kaunti ya Kyadondo, na uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2005 ulihusu wagonjwa waliogunduliwa kati ya 1993 na 1997. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, walioishi miaka mitano, baada ya kuzingatia vifo ambavyo vingetokea hata bila ugonjwa huo, walikuwa takriban asilimia 18. Tangu wakati huo dawa za kupunguza makali ya VVU zimeenea na tiba imepiga hatua, hilo nalikubali; lakini hata katika nchi tajiri, zenye mashine za mionzi kila mkoa, wagonjwa wa hatua ya tatu kwa kawaida hawafikishi asilimia 70 kwa miaka mitano. Mkunjo wako unaonyesha nani aliendelea kuja kliniki. Usiusome kama mkunjo wa nani aliendelea kuishi.

Dawa ya tatizo lako, kwa bahati njema, imewahi kutumika hapohapo ulipo. Mwaka 2008 ilichapishwa kazi juu ya wagonjwa wa kliniki ya VVU ya Mbarara, ambako mamia walikuwa wamepotea tangu kuanza dawa. Watafiti hawakujaribu kuwatafuta wote, kwa kuwa jambo hilo halikuwezekana. Walichukua sampuli kutoka orodha ya waliopotea, wakatuma mtu awatafute hao wachache hadi majumbani kwao, kisha kila aliyepatikana akahesabiwa kwa niaba ya wenzake ambao hawakutafutwa. Makadirio ya vifo yalipanda sana yalipolinganishwa na yale ya mafaili matupu. Wewe nawe unaweza kuchukua, tuseme, mmoja kati ya kila watatu waliopotea, mradi uchaguzi uwe wa nasibu kweli; usichague wale wenye namba za simu au wanaokaa karibu na lami, maana hao si mfano wa wenzao. Kama fedha haitoshi hata kwa hilo, basi fanya hesabu mara mbili, ya kwanza ukichukulia kwamba waliopotea wote walifariki ndani ya miezi michache baada ya kuonekana mara ya mwisho, na ya pili kama ulivyofanya sasa. Pengo kati ya mikunjo hiyo miwili litamwonyesha msimamizi wako ukubwa wa kile asichokijua, na wala hutahitaji kubishana naye.

Sasa kigezo cha mionzi. Kitoe. Unasema unatabiri kuanzia siku ya kugunduliwa kwa ugonjwa, na siku hiyo hakuna mtu duniani anayejua kama mgonjwa atamaliza mionzi. Isitoshe, ili mwanamke amalize matibabu ya wiki kadhaa ni lazima awe ameishi wiki hizo, na kabla ya hapo ameishi miezi ya kusubiri zamu yake. Aliyefariki katika foleni anaingia moja kwa moja katika kundi la wasiomaliza. Kigezo hicho kitaonekana kina nguvu za ajabu katika modeli yako, na sehemu kubwa ya nguvu hizo ni ya uongo. Kama unataka kweli kujua mchango wa mionzi, anza kuhesabu muda upya kutoka siku fulani baadaye, kwa mfano miezi sita baada ya kugunduliwa, kwa wale tu ambao bado wako hai siku hiyo.

Kuhusu 0.88 ya rafiki yako, kumbuka kile ambacho kipimo cha C kinapima. Unachukua wanawake wawili, unauliza modeli ni nani atakayetangulia kufariki, na C ni sehemu ya mara ambazo modeli ilijibu sawa, 0.5 ni sawa na kurusha sarafu. Swali la kumuuliza ni moja tu: hiyo 0.88 aliipata kwa wanawake wale wale waliotumika kuifundisha mashine? Kwa vifo visivyofika sitini, mashine yenye uhuru mkubwa hukariri majina, si kanuni. Mwambie achote sampuli upya kutoka data ileile mara mia kadhaa, kila mara aijenge modeli tangu mwanzo kisha aipime kwa sampuli hiyo na kwa data yote ya awali, halafu wastani wa tofauti kati ya vipimo hivyo viwili aukate kutoka 0.88 yake. Sitashangaa ikishuka chini ya Cox yako. Na wewe mwenyewe punguza vigezo. Kanuni ya zamani ya vifo kumi kwa kila kigezo siku hizi inaonekana ya kubahatisha, na kuna njia bora za kukokotoa ukubwa wa sampuli, lakini hata kwa kanuni hiyo legevu huna nafasi ya vigezo zaidi ya vitano, na usisahau kwamba hatua ya ugonjwa yenye makundi manne inakula nafasi tatu peke yake.

Muuguzi_Arua

Mimi si mtu wa takwimu. Nimefanya kazi wodini, na baadaye nikafanya kazi ya kuwatafuta wagonjwa walioacha kuja, kwa hiyo nitasema yale ambayo faili haliyasemi.

Kusafirisha maiti kutoka Kampala hadi Koboko au Yumbe kunagharimu fedha nyingi mno kuliko nauli ya basi ya mtu aliye hai, na kila familia inalijua hilo. Kwa sababu hiyo, hali ya mgonjwa inapofika mahali ambapo ndugu wenyewe wameshaelewa, mzee wa familia humjia daktari kwa upole na kuomba mgonjwa aruhusiwe akapumzike nyumbani kidogo, akipata nguvu atarudi. Daktari naye anaelewa. Faili linafungwa kwa maneno kwamba ameruhusiwa na arudi baada ya mwezi, na mara nyingi mwezi huo haufiki. Huyo ndiye unayemhesabu kuwa hai hadi siku ya mwisho ya kliniki, ndugu Mwanafunzi, na siku hiyo alitoka amebebwa.

Ukianza kutafuta, usitegemee simu peke yake. Namba iliyo kwenye faili aghalabu si ya mgonjwa. Ni ya mpwa aliyemsindikiza au ya mtu wa bodaboda aliyemleta, na laini imeshabadilika. Aliyetusaidia zaidi ni mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wale wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, kwa sababu mazishi hayafanyiki kijijini wao wasijue. Lakini uende na jina lililo sahihi. Mwanamke huyohuyo ataandikwa kwa jina la kanisani kwenye faili, kwa jina la ukoo kwenye karatasi ya maabara, na kwa jina la mume kwenye orodha ya mionzi, na kama ni Nakato au Akello utakuta kijiji kizima kina akina Nakato na akina Akello. Tulikuwa tunaandika jina la mtoto wake wa kwanza pembeni ya faili, kwani kijijini watu humfahamu kama mama wa fulani, na hilo lilituokolea mafuta mengi ya pikipiki.

Halafu uangalie tarehe yako ya kuanzia. Kuna tarehe kipande cha nyama kilipochukuliwa, tarehe majibu ya patholojia yalipoandikwa, na tarehe mgonjwa alipofika kliniki ya saratani akiwa na majibu mkononi. Baina ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miezi, na waliofariki katika miezi hiyo hawana faili kabisa, kwa hiyo hawamo katika mia tatu zako. Umri nao, ukichora, utaona watu wamejazana kwenye 40, 45, 50 na 60, kwa maana wengi hukadiria. Na pale sehemu ya hatua ya ugonjwa ilipoachwa wazi, usimfute mgonjwa huyo kwenye data. Mara nyingi imeachwa wazi kwa sababu hakurudi kufanyiwa uchunguzi wa pili, na kutorudi kwake ni habari tosha.

Mwanafunzi_Mbarara

Nawashukuru sana, mwalimu na dada muuguzi. Kuna jambo sasa limeanza kunielea. Katika modeli yangu, umbali kutoka hospitali ulionekana *kupunguza* hatari ya kifo: anayekaa mbali zaidi anaonekana kuishi muda mrefu zaidi. Nilitaka kuandika aya nzima kueleza kwamba huenda wa mbali ni wanawake wenye nguvu zaidi, kwani dhaifu wasingeweza hata kufika. Je, niiondoe aya hiyo?

Takwimu_Wandegeya

Iondoe kwanza. Maelezo yako hayana ubaya, na huenda yana chembe ya ukweli, lakini yapo maelezo rahisi zaidi: wa karibu wakifa, habari inafika hospitali na kuandikwa, wa mbali wakifa, wanapotea. Umbali unapunguza uwezekano wa kifo *kujulikana*, na modeli haiwezi kutofautisha hayo mawili. Baada ya kuifuatilia sampuli yako, rudia hesabu, na nadhani ishara itageuka. Ikigeuka, hiyo ndiyo itakuwa matokeo muhimu kuliko yote katika tasnifu yako, na ningeipa sura yake.

Daktari_Uvimbe

Nimesoma mjadala huu kwa furaha, na ningependa kujibu lile swali la fomula za nje, ambalo wenzangu wamelipita.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kutabiri nani atapata saratani ni kazi moja, na kutabiri nani ataishi akishaipata ni kazi nyingine, ingawa hesabu zake ni ndugu. Mfano unaojulikana wa kazi ya kwanza ni modeli ya Gail ya mwaka 1989 ya saratani ya matiti, iliyojengwa kwa data za wanawake weupe wa Marekani waliokuwa wakipigwa picha za matiti kila mwaka. Inauliza umri, umri wa kuvunja ungo, umri wa kuzaa mtoto wa kwanza, kama mama au dada aliwahi kuugua, na idadi ya vipande vya nyama vilivyowahi kuchukuliwa kwenye titi. Wamarekani wenyewe walilazimika kutengeneza toleo jingine kwa wanawake weusi wa kwao, likachapishwa mwaka 2007. Fikiria sasa kile kigezo cha mwisho ukikileta Mubende au Moroto: idadi ya vipande vilivyochukuliwa itakuambia ni nani aliyeweza kumfikia daktari wa upasuaji, na itasema kidogo sana kuhusu titi lake. Mlango wa kizazi una visababishi vyake, kwa maana takriban asilimia 70 ya saratani hizo hutokana na aina mbili tu za kirusi cha HPV, ya 16 na ya 18, na mwanamke mwenye VVU ana hatari iliyo karibu mara 6 ya asiye nacho. Uganda ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima mwaka 2015, kwa hiyo modeli yoyote ya hatari tutakayoijenga leo kwa mama zao haitawafaa wasichana hao watakapokuwa watu wazima.

Kwa upande wa uhai, chukua alama za kimataifa za limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) za mwaka 1993, ambazo humpa mgonjwa pointi moja akizidi umri wa miaka 60. Katika wodi zetu, ambako wengi wa wenye limfoma inayoambatana na VVU ni vijana, pointi hiyo inakaa bila kazi na vigezo vingine vinabeba mzigo wote. Haina maana kwamba alama hizo hazifai. Maana yake ni kwamba zipimwe hapa kabla ya kuaminiwa hapa.

Na zipimwe kwa namna mbili. Kipimo cha C kinachozungumzwa hapo juu kinapima mpangilio tu. Mwalimu anaweza kuwapanga wanafunzi wake sawasawa, wa kwanza akawa wa kwanza na wa mwisho akawa wa mwisho, huku kila mmoja amemwongezea alama ishirini. Mpangilio ni sahihi na alama zote ni za uongo. Fomula ya nje mara nyingi huja hivyo. Inajua kwamba kreatinini iliyopanda ni dalili mbaya, kwa sababu uvimbe umebana mirija ya mkojo, na hilo ni kweli London na ni kweli Lira. Lakini inapokuambia kwamba mgonjwa huyu ana asilimia 60, imechukulia kwamba atapata mionzi ndani ya wiki chache na ataongezewa damu siku atakayoihitaji. Kwa hiyo gawa wagonjwa wako katika makundi kwa kadiri ya utabiri, kisha ulinganishe kwa kila kundi kilichotabiriwa na kilichotokea. Ikiwa mpangilio ni mzuri na viwango tu vimepotoka, huhitaji modeli mpya. Unabakiza uzito wa vigezo kama ulivyo, unakadiria upya kiwango cha msingi cha vifo kwa data ya hapa. Kwa sampuli ndogo kama yako, naona hiyo ni njia ya busara kuliko kuanza kujenga kutoka chini.

Angalia pia miaka ya data yako. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini iliharibika kabisa, na mpya ilianza kazi mwaka 2018. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengi hawakupata mionzi popote. Modeli iliyofundishwa kwa wagonjwa wa kipindi hicho bila kigezo cha mwaka itajifunza ubovu wa mashine na kuuita ubaya wa ugonjwa. Na mwaka huohuo wa 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, lilibadilisha upangaji wa hatua: mwanamke ambaye tezi zake za limfu zimeingiliwa sasa huwekwa hatua ya tatu, hata kama uvimbe wenyewe zamani ungeitwa wa hatua ya kwanza au ya pili. Hivyo hatua ya tatu ya 2020 ina wanawake wenye nafuu kidogo kuliko hatua ya tatu ya 2014, na takwimu za uhai za hatua ya tatu na za hatua zilizo chini yake zitaonekana zimepanda bila mgonjwa hata mmoja kuishi siku moja zaidi.

Jambo moja litakalokupunguzia kazi: tabiri kifo cha sababu yoyote. Utashawishika kutenganisha waliokufa kwa saratani na waliokufa kwa VVU au malaria, na ipo njia nzuri ya kufanya hivyo, ya Fine na Gray ya mwaka 1999, lakini inadai ujue kila mmoja alikufa kwa nini, na mwenyekiti wa kijiji atakuambia kwamba aliugua tumbo.

Kuhusu kadi ya kumsomea mgonjwa, nakataa. Mama ameketi mbele ya musawo, yaani daktari, amesafiri usiku kucha, binti yake amemshika mkono; umwambie asilimia 23? Namba hiyo ni ya kundi la wanawake wanaofanana naye kwa vigezo vitano, na yeye ana vingine mia. Mgonjwa akiuliza, na wengi wanauliza, anastahili jibu la kweli kwa maneno ya miezi na miaka, kwa kadiri anavyotaka kusikia. Matumizi ninayoyaona ni mengine: modeli imwonyeshe muuguzi, siku ya kwanza, ni nani wa kuunganishwa mapema na huduma ya tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso), ambayo nchi hii inayo tangu Hospice Africa Uganda ilipoanza mwaka 1993 na mofini yake ya maji, na ni nani wa kupigiwa simu asipotokea. Ninaogopa matumizi ya tatu ambayo hakuna anayeyaandika, yaani mtu kuchukua utabiri mbaya na kumwondoa mgonjwa kwenye foleni ya mionzi. Andika wazi katika tasnifu kwamba modeli haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Mwongozo wa TRIPOD, wa jinsi ya kuripoti modeli za utabiri, wa mwaka 2015, na ule wa 2024 ulioongezwa kwa ajili ya modeli za mashine, unakutaka useme matumizi yaliyokusudiwa. Itumie nafasi hiyo.

Mwanafunzi_Mbarara

Daktari, nimeelewa, na kadi nimeiacha. Nitachukua sampuli ya waliopotea kwa bahati nasibu. Swali la mwisho: kibali nilicho nacho cha kamati ya maadili ni cha kusoma mafaili tu. Je, kinatosha kwenda vijijini?

Mjumbe_Maadili

Hakitoshi. Kusoma faili na kubisha hodi ni mambo mawili tofauti. Rudisha protokali kwenye kamati yako kwa marekebisho, na uone kama Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia nalo linahitaji kuarifiwa, na usitoke Mbarara kabla ya jibu kuandikwa. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data za pekee, kwa hiyo orodha yenye majina ikae mbali na ile yenye vipimo, na anayekwenda kijijini achukue majina tu.

Kamati itakuuliza utamwambia nini mwenyekiti wa LC1. Ukisema umetoka kliniki ya saratani, umeshamtangaza mgonjwa. Na kwa kuwa watu wengi wanajua uhusiano wa saratani hiyo na VVU, umemtangaza mara mbili. Anayetumwa aseme anamtafuta mtu fulani kwa shughuli ya hospitali, basi, na asivae fulana wala kitambulisho chenye jina la kliniki. Akikuta msiba ni wa juzi, atoe pole aondoke, arudi baada ya arobaini.

Swali gumu zaidi ni la yule atakayekutwa hai. Utamkuta mwanamke amelala ndani, anavuja damu, aliacha kuja kwa kukosa nauli, na wewe umekuja kujaza kisanduku kimoja cha fomu. Huwezi kujaza na kuondoka. Protokali iseme nani atampokea akirudi, ni kituo gani cha karibu kitakachompa dawa ya maumivu kama hawezi kusafiri, na nauli yake itatoka fungu gani la bajeti. Liandike hilo kabla ya kuwasilisha, kwa sababu mimi nikiwa mezani ndilo ninaloanza kulitafuta.